Ukaribu Pekee si Dhamana

MIWANI ya kompyuta, ambayo humwonyesha mvaaji picha na maandishi juu ya vitu halisi vilivyo mbele yake, imekwisha kutoka maabara. Kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa HoloLens mwaka 2016, na Apple ikatoa Vision Pro mwaka 2024. Manufaa yake makubwa ni ushirikiano. Wahandisi wawili waweza kuuzunguka mchoro mmoja wa mtambo. Mwalimu na wanafunzi wake waweza kuutazama moyo wa binadamu ukielea katikati ya darasa.

Lakini ili watu wawili waone kitu kimoja, sharti miwani yao iwasiliane kwa mawimbi ya redio. Hapo ndipo penye hatari, kwani mawimbi hayo humfikia aliyekusudiwa na asiyekusudiwa.

Ni kweli kwamba tangu mwaka 1976, Whitfield Diffie na Martin Hellman walipotangaza njia yao, vyombo viwili vimeweza kukubaliana ufunguo wa siri hata mbele ya msikilizaji. Hata hivyo, njia hiyo peke yake haimwambii mtu amekubaliana na nani. Mdukuzi aliye chumba cha pili aweza kujipenyeza katikati, akajifanya kwa kila mmoja kuwa ndiye mwenzake. Akifaulu, atapata zaidi ya maneno, maana miwani hiyo ina kamera. Lililo baya zaidi, aweza kuibadili picha, na mhandisi akaelekezwa kufungua valvu isiyotakiwa kufunguliwa.

Wapo wanaodai kwamba kazi ya kuwatambulisha watumiaji iachiwe mitambo ya kampuni iliyouza miwani. Dai hilo lina kasoro. Haifai watu wawili wanaotazamana ana kwa ana walazimike kumwuliza wa tatu, aliye ng'ambo, kama kweli wanajuana.

Wataalamu wamekwisha onyesha njia nyingine. Mwaka 2016 watafiti wa Virginia Tech, Marekani, walipendekeza miwani ilinganishe uso unaoonekana na mahali mawimbi yanakotoka. Mwaka 2017 watafiti wa Oxford, Uingereza, na wenzao waliijaribu HoloLens kwa namna ambayo watumiaji wenyewe huthibitisha ufunguo kwa kutazamana na kulinganisha picha wanazoziona. Mdukuzi aweza kughushi mawimbi. Ni vigumu mno kughushi mwili wa mtu aliyesimama mbele ya mwenzake.

Kwa hiyo basi, watengenezaji hawana budi kuufanya uthibitisho huo kuwa sehemu ya chombo, wala si pambo la hiari. Aidha, kila ofisi au shule itakayonunua miwani hiyo yapasa iulize, kabla ya kulipa, mtumiaji atamtambuaje mwenzake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kuwa karibu si kuaminika; uaminifu sharti uthibitishwe.