Barabara iko wazi? Nani ameona?

Kila asubuhi, mbele ya kuondoka Lwiro kwenda Bukavu, bashofere na bamotari wanaulizana kwa telefoni: "Kule Kavumu barabara iko namna gani?" Jibu moja linatosha mtu aondoke ao abakie. Lakini mesaji ikishapita ku telefoni kumi, hatujui tena nani aliona kwa macho yake, wala saa ngapi.

Shida hiyo iko hata mu inchi za magari ya kisasa. Kuko magari yenye kuambiana yenyewe kwa rezo: "Nimefunga freni, mbele kuna ajali." Lakini gari moja linaweza kudanganya, ili mengine yageuke na lenyewe lipate njia. Ndiyo maana watafiti wanapendekeza blokicheni. Ni kama daftari moja lenye kopi kwa watu wengi: mmoja hawezi kufuta kitu bila wengine kuona. Gari likisema kweli, linapata alama, likidanganya, linapoteza.

Lakini tuangalie vizuri. Daftari linalinda kile kilichoandikwa. Halijui kama mwandishi wa kwanza alisema kweli. Sisi watu wa Kivu tumeshaona somo hilo ku madini. Magunia yanafungwa etiketi za kuonyesha yametoka shimo gani. Mwaka 2022, shirika Global Witness lilisema kwamba etiketi za mpango wa ITSCI zilifungwa pia ku madini yaliyotoka pengine. ITSCI ilikataa mashitaka hayo. Hata hivyo, ulizo linabaki: nani alikuwa pale wakati gunia lilifungwa?

Tarehe 4 Mei 2023, mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi, teritwari ya Kalehe, yaliua watu zaidi ya 400. Siku kama hiyo, mesaji moja ya uongo inaweza kurudisha nyuma gari lenye kubeba mgonjwa, ao kulituma mahali daraja limekwisha kwenda na maji.

Magari hayo ya kisasa hatuna. Lakini dawa yao ya kweli ni mashahidi wengi, na hao tuko nao. Ukituma habari ya barabara, sema uko wapi, saa ngapi, na kama umeona ao umesikia tu. Wewe unayepokea, tafuta shahidi wa pili mbele ya kuituma kwa wengine. Na ukikosea, rudia haraka useme: nilikosea.