Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi



Mbweni yetu ni ardhi ya watu waliobebeshwa. Katika miaka ya 1870 Misheni ya Vyuo Vikuu iliwakalisha hapa watumwa walioachwa huru. Kanisa la Mtakatifu Yohane, la mwaka 1882, ni urithi wao. Aliyerithi ardhi ya namna hii hana ruhusa ya kunyamaza aonapo mgongo wa jirani ukivunjwa na kazi.

Nasi tunaona. Mchukuzi wa bandari ya Malindi, kibarua wa ujenzi, mpondaji kokoto: wote huumia. Lakini wakienda kudai haki, swali la kwanza ni hili: uliumia siku gani? Aliyekatwa kidole anayo tarehe na shahidi. Aliyechakaa kiuno kwa miaka 15 hana tarehe. Huambiwa ni uzee, ni baridi yabisi, apake dawa arudi kazini. Na mama wa mwani, anayeinama majini kule Paje na Jambiani, hana hata mwajiri wa kumdai. Mnunuzi huchukua mwani. Maumivu humwachia mwenyewe.

Tunasema wazi: kipimo hicho ni dhuluma. Maradhi mengi ya mifupa na misuli hayaji kwa siku moja. Huletwa na uzito, mkao mbaya, kurudia tendo lile lile, na kukosa mapumziko. Anayepima mwili asipime kazi amepima nusu. Tangu mwaka 1700 tabibu Mwitalia Bernardino Ramazzini alifundisha kwamba mgonjwa aulizwe kazi yake. Shirika la Kazi Duniani liliyaorodhesha maradhi haya miongoni mwa magonjwa ya kazini mwaka 2002, likaipanua orodha mwaka 2010. Wataalamu wa Marekani mwaka 1991 waliweka kilo 23 kuwa kikomo cha kuinua kwa mikono, tena katika hali iliyo bora kabisa. Mfuko wa saruji una kilo 50. Hesabu hiyo yahitaji daktari gani?

Wengine watasema wafanyakazi watajisingizia. Wadanganyifu wapo, lakini dawa ya uongo ni uchunguzi kamili, si kuwanyima wote. Mkaguzi na aende akauone mzigo, auhesabu, aupime. Zanzibar inayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini tangu mwaka 2005. Sheria isiyofika gatini ni karatasi tu.

Viongozi wa walei, tuanze nyumbani. Muumini mwenye vibarua apunguze uzito, au watu wawili wabebe mfuko mmoja. Kila jumuiya imsaidie mgonjwa kuandika mapema: kazi gani, kilo ngapi, saa ngapi, maumivu yalianza lini. Nao waumini walio waganga waiandike kazi ya mgonjwa katika cheti chake.

Bwana wetu aliwakemea waliowatwisha wenzao mizigo wasiyokubali kuigusa wenyewe. Tusihesabiwe pamoja nao.