KUMWELEWA ADUI SI KUMPENDA



Ndugu zangu katika imani, siku hizi ukieleza kwa nini mtawala adui amefanya alilofanya, utaambiwa, "Unamtetea!" Wengine watakuita mnafiki. Huo ni ujinga unaojiita ushujaa, nao unaua watu.

Tazameni Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria. Maquraishi waliwazuia Waislamu wasiingie Makka kufanya Umra, kisha wakatuma wajumbe. Mmoja alikuwa Hulays, mkuu wa Ahabish, washirika wa Maquraishi. Mtume (s.a.w.) alipomwona, aliwajulisha Masahaba kuwa watu wa huyu wanawatukuza wanyama wanaopelekwa kuchinjwa Makka, akaamuru wanyama hao wapitishwe mbele yake. Hulays alipowaona wamevishwa vigwe shingoni, akarudi kuwaambia Maquraishi kuwa watu hawa hawastahili kuzuiwa. Je, Mtume alikuwa akiitetea shirki? Haasha! Alijua tu mtu yule anatukuza nini.

Sasa tazameni Iraq. Saddam Hussein alipigana vita na Iran kuanzia 1980 hadi 1988. Miaka ya baadaye akawa anawazungusha wakaguzi wa Umoja wa Mataifa. Washington wakakata shauri: huyu anaficha silaha za maangamizi. Machi 2003 wakavamia. Silaha hizo hazikupatikana. Mwaka 2004, akiwa mfungwa, Saddam aliwaambia wapelelezi wa FBI kuwa aliogopa zaidi Iran kuujua udhaifu wake kuliko adhabu ya Marekani kwa kuwakatalia wakaguzi. Swali la "huyu anamwogopa nani?" lilipata jibu Baghdad ikiwa tayari imejaa wajane na mayatima.

Mtu atasema, "Lakini Saddam alikuwa dhalimu." Naam, alikuwa dhalimu, Wakurdi wa Halabja waliopigwa kwa gesi ya sumu mwaka 1988 ni mashahidi. Lakini kujua kuwa mtu ni dhalimu hakukwambii kesho atafanya nini, wala kwa nini.

Suratul Maida, aya ya 8, inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Na utamfanyiaje uadilifu mtu usiyetaka hata kujua anawaza nini? Anayekataa kumsoma adui wake hapigani naye. Anapigana na picha aliyoichora mwenyewe, na risasi zinawapata wasiokuwemo.

Allah atupe viongozi wanaouliza kabla ya kupiga. Aamin.

Wallaahu a'lam.