Western Breach: Jua Lisiwakute Ukutani

Waongozaji na wapagazi mnaopanda Kilimanjaro kiangazi hiki: kundi lililopangiwa njia ya Western Breach lisikutwe na jua katikati ya ukuta wake. Likichelewa kuondoka kambi ya Arrow Glacier, lirudi kambi ya Lava Tower, hata kama mgeni amelipia njia hiyo na anafoka.

Mawe ya kule juu yameshikwa na barafu tu. Usiku maji huganda ndani ya nyufa, yakatanuka na kulisukuma jiwe. Barafu hiyo hiyo hulizuia lisianguke. Jua likipiga, gundi inayeyuka. Usiku usio na wingu na mchana mkavu ndio huchochea kazi hiyo, kwa hiyo msitulizwe na hali nzuri ya hewa. Na barafu yenyewe inaisha: kati ya 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lililofunikwa nayo. Mawe yaliyozikwa humo miaka mingi sasa yako wazi.

Januari 2006 mawe yaliporomoka karibu na Arrow Glacier yakaua wapandaji watatu kutoka Marekani. Njia ikafungwa, baadaye ikafunguliwa. Septemba 2015 jiwe likaua Mmarekani mwingine kwenye njia hiyo hiyo.

Ninaowahofia zaidi ni wapagazi. Mgeni huamshwa usiku wa manane, akavalishwa helmeti, akaondoka na kiongozi wake. Anayebaki kung'oa mahema na kufunga vyombo vya jikoni ndiye anayepanda kumekucha, ana mzigo wa kilo 20 na kofia ya sufu. Huo si mpango. Kama hamlali kwenye kreta, mizigo izungushwe kupitia kambi za Barranco na Karanga, mkutane kambi ya Barafu. Kama mnalala kwenye kreta, wapagazi waondoke giza lile lile, kila mmoja na helmeti yake. Kampuni isiyo nazo za kutosha isilete kundi hapa.

Mwendo utabaki wa pole pole, hewa ni haba. Ila kupiga picha na kunywa chai chini ya genge, hapana.

Jioni mkifika Arrow Glacier, itazameni theluji: mawe mapya yaliyotua juu yake yameanguka karibuni, na mengine yako njiani. Uamuzi wa kugeuza ufanyike hapo, kabla ya kuanza kupanda. Atakayegeuka katikati ya ukuta saa nne asubuhi atapita tena chini ya mawe yale yale, safari hii ameyapa mgongo.