Mkaguzi Huja Siku Moja, Mpangaji Hunawa Kila Siku



Wengi wetu tuliohamia Uingereza kutoka Afrika Mashariki twaikumbuka nyumba ya vyumba sita: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani jiko, bafu na choo. Mara nyingi mwenye nyumba alilala humo humo. Choo kilipoziba alijua siku ileile, kwa kuwa nacho kilikuwa chake. Hapa ugenini tumeendelea na desturi ya kupanga chumba na kushirikiana choo na jiko, lakini jambo moja limebadilika. Mwenye nyumba sasa huishi kwingine. Maji yasipopanda ghorofani, si yeye aendaye kazini bila kuoga.

Kwa sababu hiyo sheria imekuja kusimama kati ya pande hizi mbili. Sheria ya Makazi ya mwaka 2004 ilianzisha leseni kwa nyumba za kupanga kwa pamoja, na katika England utaratibu huo ulianza kutumika Aprili 2006. Mwanzoni leseni ya lazima ilizihusu nyumba zenye sakafu tatu au zaidi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2018 idadi ya sakafu haiangaliwi tena: nyumba ikikaliwa na watu watano au zaidi, wa kaya mbili au zaidi, wanaotumia pamoja choo, bafu au jiko, lazima iwe na leseni. Baadhi ya halmashauri zimeagiza leseni hata kwa nyumba zenye watu wachache zaidi. Leseni hutolewa kwa muda usiozidi miaka mitano, nayo hutaja idadi ya watu wanaoruhusiwa kukaa.

Wapo miongoni mwetu waamini ambao, kwa jasho la miaka mingi, wamenunua nyumba na kuwapangisha ndugu zetu wanaowasili. Jambo hilo lastahili kusifiwa. Mgeni asiye na mdhamini wala kumbukumbu za benki hupata shida kubwa kupokelewa mahali pengine. Lakini hebu tuseme ukweli juu ya yale yatendekayo barua ya ukaguzi inapofika. Fundi bomba aliyesubiriwa miezi mitatu huitwa usiku. Alama ya unyevu chini ya bafu hupakwa rangi. Magodoro mawili hukunjwa na kufichwa stoo, na wapangaji wawili huombwa washinde mjini mpaka mkaguzi aondoke.

Maoni yangu, ambayo simkusudii mtu yeyote kwa jina, ni haya: maandalizi ya namna hiyo ni uongo mara mbili. Ni uongo kwa halmashauri, na ni uongo mbaya zaidi kwa mpangaji, kwani humwambia kwamba bomba hutengenezwa kwa ajili ya macho ya mgeni, wala si kwa ajili ya mikono yake yeye anayelipa kodi. Nyumba iandaliwe kwa ajili ya wakaao ndani. Ikiwa tayari kwao, itakuwa tayari kwa mkaguzi pia.

Basi maandalizi ya kweli ni yapi? Kanuni za usimamizi za mwaka 2006 zinazibana nyumba za pamoja hata zile zisizohitaji leseni. Humtaka msimamizi adumishe mifumo ya maji safi na maji machafu ikiwa mizima, misafi na inayofanya kazi. Matangi yawe na vifuniko panapohitajika. Mabomba yanayoweza kupasuliwa na baridi kali yakingwe. Na maji yasikatwe bila sababu ya haki. Aidha, katika nyumba ya leseni kila beseni, bafu na manyunyu lazima yawe na maji baridi ya kutosha na maji moto wakati wote.

Mwenye nyumba na azipitie nyumba zake kwa mpangilio, huku wapangaji wakiwa pamoja naye. Aanze na koki kuu: je, kila mkaaji anajua ilipo, na je, inafunga? Usiku bomba litakapopasuka, hilo ndilo litakaloamua kama dari la chini litapona. Kisha afungue bomba moja moja, la juu na la chini kwa wakati mmoja, aone kama maji ya juu yanafifia. Avute kila choo na kungoja tangi lake lijae na kunyamaza. Likiendelea kutiririka, kuna kasoro. Apapase chini ya kila sinki kwa kitambaa kikavu. Haba na haba hujaza kibaba, na tone lililo chini ya sinki huozesha ubao kabla halijaonekana. Amimine maji katika kila tundu la kutolea maji machafu, aone yanaondoka upesi au yanasimama. Iwapo boila hutumia gesi, ikaguliwe kila mwaka na fundi aliyesajiliwa kwa kazi ya gesi, wala si na rafiki mwenye mkono mwepesi.

Lipo pia jambo lisiloonekana kwa macho. Bakteria waitwao lejionela, wanaoleta homa kali ya mapafu, hustawi katika maji yaliyotuama yenye joto kati ya nyuzi 20 na 45 za Sentigredi. Kwa hiyo wataalamu hushauri maji moto yahifadhiwe katika nyuzi 60, yafike kwenye bomba yakiwa nyuzi 50 au zaidi katika muda wa dakika moja, na maji baridi yabaki chini ya nyuzi 20. Chumba kikikaa bila mtu, mabomba yake yafunguliwe kila juma maji yapite. Lakini maji ya moto kiasi hicho huunguza. Penye watoto au wazee, fundi aweke valvu ya kuyachanganya karibu na mahali pa kuogea. Mwenye nyumba anayeshusha joto la tangi ili kubana matumizi hajui anachokaribisha.

Sasa narudi kwa wale wapangaji wawili walioambiwa washinde mjini. Idadi iliyoandikwa katika leseni imetokana na kupima ukubwa wa vyumba, pamoja na vyoo, bafu na majiko yaliyopo. Ukiwaficha watu wawili, choo hakifichiki. Kitaendelea kuvutwa na watu wanane badala ya sita. Tena sheria humruhusu afisa kuingia bila taarifa anapochunguza kama nyumba haina leseni au masharti yake yanavunjwa. Zaidi ya hayo, mtu aliyefichwa hawezi kulalamika. Ataoga maji baridi majira ya baridi na kunyamaza, kwa hofu ya kupoteza godoro lake. Huo ndio udhalimu ninaouogopa kuliko bomba lolote linalovuja, kwa sababu unatendwa na ndugu kwa ndugu, na wote wawili huketi kanisa moja siku ya Jumapili.

Nimesikia hoja ya upande wa pili, nayo si ya kupuuzwa. Wenye nyumba husema matengenezo yana gharama, na gharama hizo hatimaye humwangukia mpangaji. Ni kweli kwamba bafu la pili si kitu rahisi. Lakini mpira wa bomba uliolika, kifuniko cha tangi na kitambaa cha kukinga bomba la nje ni vitu vya bei ndogo; kinachovifanya ghali ni kuahirisha. Na mahali ambapo hesabu haiwezi kukubali ila kwa kuwajaza watu kupita kiasi, basi hesabu hiyo ilikuwa na kosa tangu mwanzo.

Wapangaji nao wana wajibu. Tusimimine mafuta ya kukaangia katika sinki, tusitupe vitambaa chooni, na tusimzuie fundi kuingia chumbani. Tutoe taarifa ya kasoro kwa maandishi, tuweke na tarehe, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa.

Viongozi wa walei, nanyi nawaomba jambo moja. Katika jumuiya zenu ndogo ndogo mwajua nani hupangisha na nani hupanga. Waketisheni pamoja kabla barua ya halmashauri haijafika, na orodha ya kasoro ikiwa mezani. Wajibu huu haukubuniwa na halmashauri: hata Torati ilimwagiza mjenzi azungushie paa lake ukuta mdogo, asije mtu akaanguka.

Mkaguzi atakaa humo saa moja, ataandika, ataondoka. Jioni ileile mpangaji atarudi kutoka kazini, atafungua bomba, na kungoja maji yapate moto.