Fundi akisema ndege hairuki leo, asisukumwe

MAONI – Kila mara ndege ndogo inapokosa kufika Shabunda, Minembwe ao Punia siku iliyotangazwa, lawama ya kwanza inamwangukia fundi. Watu waliokuja tangu asubuhi na mizigo yao wanaambiwa kuna "tatizo la ufundi", na neno hilo haliwaelezi kitu. Basi wanajieleza wenyewe. Huyu anasema ni uvivu, yule anasema kampuni inatafuta pesa zaidi, mwingine anasema dawa zimepelekwa pahali pengine. Muuguzi anapiga simu, mkuu wa shirika anapiga simu, na mwisho kunapatikana mtu wa kumuuliza fundi: kweli haiwezi kwenda hata safari moja tu?

Swali hilo lina uzito wake, na anayeliuliza si mtu mbaya. Shabunda ni eneo kubwa kuliko yote ya Kivu Kusini, lakini barabara ya taifa namba 2 inayotoka Bukavu kwenda huko imeharibika tangu miaka mingi, na mvua ikinyesha hata pikipiki inabebwa na watu. Chumvi, sabuni, dawa ya malaria, chanjo ya surua, vyote vinangojea ndege. Tangu Januari 2025, uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa kwa vita, na Kavumu nayo ikaingia katika mapigano mwezi wa Februari, njia za hewa zimepungua wakati familia zilizokimbia zimeongezeka. Ndege moja ikikaa chini siku tatu, kuna mtu anayeumia.

Hata hivyo jibu la fundi linapaswa kubaki jibu la mwisho. Sababu yake iko ndani ya sanduku moja la chuma ambalo abiria hawalioni.

Wamotari wanalijua sanduku hilo kwa jina la bwate. Ndani yake kuna pinyo, yaani magurudumu ya meno, zinazopokea mwendo wa moteri na kuupunguza kabla haujafika kwenye tairi. Ndege nyingi ndogo za leo zina kitu cha namna hiyo, na kazi yake ni kati ya moteri na elisi, lile panga linalozunguka mbele. Moteri inapata nguvu yake ikizunguka haraka sana. Elisi haiwezi kuifuata, kwa maana ncha zake zikikaribia mwendo wa sauti, karibu mita 340 kwa sekunde, zinapiga kelele na kupoteza nguvu. Lazima kuwe na kitu katikati cha kupatanisha hao wawili, na kitu hicho kinabeba nguvu zote za ndege kwenye meno machache ya chuma.

Si ndege zote ziko hivyo. Cessna 206 ya zamani, ambayo wazee wa misheni wanaikumbuka, elisi yake imefungwa moja kwa moja kwenye moteri. Lakini petroli yake ya ndege ni shida kupata huku, na bei yake ni kali. Hiyo ni sababu moja iliyofanya Cessna Caravan ipendwe: inatumia mafuta yaleyale ya ndege kubwa, inabeba zaidi, na inatua kwenye udongo. Moteri yake, PT6A ya kiwanda cha Pratt & Whitney Canada, ina gurudumu la ndani linalozunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika, na elisi isiyopita mara 1,900. Kazi ya kushusha hesabu hiyo inafanywa na pinyo ndogo zinazozunguka pinyo ya katikati, kwa hatua mbili. Na Caravan ina moteri moja tu. Bwate ikivunjika angani, rubani anabaki na ndege inayoteleza kuelekea chini, na chini kati ya Kavumu na Shabunda ni msitu.

Inafaa kutazama namna watu wengine wanavyolichunga sanduku hilo, tena kwa ndege isiyobeba mgonjwa wala chanjo. Ulaya na Marekani kuna ndege nyepesi za michezo, za watu wawili, ambazo mtu anaziruka siku ya mapumziko kwa kujifurahisha. Nyingi zina moteri ya Rotax 912, inayotengenezwa Austria. Inafika mizunguko 5,800 kwa dakika, na katika ile ya nguvu za farasi 100 bwate yake inagawa hesabu hiyo kwa 2.43, ili elisi ipate kama 2,400 hivi.

Mmotari wa Bunia ao Uvira angeielewa moteri hiyo upesi. Mafuta yanayolainisha moteri ndiyo hayohayo yanayolainisha pinyo, sawasawa na kwenye TVS ao Boxer, na kiwanda chenyewe kinapendekeza mafuta ya pikipiki, yale yenye dawa ya kulinda meno. Ikitumia petroli ya ndege yenye madini ya risasi, risasi hiyo inageuka matope ndani ya mafuta, ndiyo maana mafuta yanabadilishwa kila saa 50 za kuruka pahali pa saa 100. Moteri ikiachwa inguruma polepole mno, chini ya mizunguko 1,400, meno yanaanza kugongana: moteri inasukuma kwa mishtuko, elisi nzito inakataa, na kila mshtuko unapiga pinyo kama nyundo ndogo. Mmotari anaujua mchezo huo kwenye mnyororo, pale mtu anapopanda mlima na gia isiyofaa na mnyororo unapiga kelele.

Kuna pia kipimo kimoja ambacho hakihitaji mashine ya bei. Ndani ya bwate ya Rotax kuna sehemu ya kuteleza kidogo iliyowekwa makusudi, ili kulainisha mishtuko ya mzunguko kati ya moteri na elisi. Fundi anafunga moteri isizunguke, kisha anaivuta elisi kwa mizani ya kuning'iniza, ndugu ya ile ya kupimia nyama sokoni, na kusoma ni nguvu gani inayoifanya isogee. Kiwanda kinataka iwe kati ya nyutoni-mita 25 na 60. Ikiwa chini ya hapo, bwate inafunguliwa. Hakuna mjadala, hakuna kupiga simu kwa mkubwa. Mwenye ndege anakasirika, Jumapili yake imeharibika, anarudi nyumbani kwa gari.

Kama ndege ya kujifurahisha inapewa heshima hiyo, kwa nini ile inayobeba damu ya kuongezea wagonjwa na watoto wenye utapiamlo iombwe kwenda "hata safari moja tu"? Watu wa Shabunda hawana haki ndogo kuliko ya yule mtu wa Jumapili.

Kwenye Caravan alama kubwa ya kwanza ni sumaku. Chini ya bwate ya mbele kuna kizibo chenye sumaku, na mafuta yanapopita pale, vipande vya chuma vinanaswa. Kinaweza pia kuunganishwa na taa mbele ya rubani. Fundi anakichomoa, anakipangusa kwenye kitambaa cheupe, anatazama. Unga mwembamba kama masizi unaweza kuwa jambo la kawaida, hasa kwa moteri mpya, kwa kuwa meno mapya yanajisugua hadi yazoeane. Magamba yanayong'aa, ao kipande unachoweza kukishika kwa kucha, ni habari nyingine kabisa: kuna jino ao gololi imeanza kumenyuka. Kati ya hayo mawili kuna hali za katikati, na hapo ndipo fundi anahitaji muda, kitabu cha kiwanda, na mara nyingine kupeleka mafuta kwenye maabara kujua chuma hicho kimetoka sehemu gani. Maabara ya namna hiyo haiko kila mji. Siku tatu zinaishia hapo, bila mtu yeyote kuwa mvivu.

Sumaku haijui kama sanduku la chanjo limejaa ao tupu. Tena chuma kinachomenyuka hakitoi ahadi: kinaweza kuvumilia saa kumi, kinaweza kukataa katika saa ya kwanza, na kila kipande kinachotoka kinazunguka na mafuta na kutafuna vingine.

Viwanja vya huku vinaongeza taabu. Elisi ikigonga kichuguu, jiwe ao mbuzi wakati ndege inakimbia, mshtuko unaingia moja kwa moja kwenye meno, na kitabu kinataka uchunguzi hata kama elisi inaonekana imekwaruzwa kidogo tu. Vilevile rubani kwenye kiwanja kifupi chenye matope, na mizigo iliyoongezwa dakika ya mwisho, anaweza kushawishika kusukuma mkono wa nguvu kupita alama nyekundu. Jambo hilo likitokea linapaswa kuandikwa katika daftari la ndege, kwa sababu bwate imebeba mzigo ambao haikutengenezewa, na dalili zake zinaweza kuja baadaye mikononi mwa rubani mwingine. Wanaolazimisha gunia moja zaidi, kwa kumjua fulani wa ofisini, wangefanya vizuri kujua kwamba gunia hilo linapimwa na meno ya chuma.

Hapa lawama haitoshi kuwaendea wakaaji wanaongoja. Makampuni yenye kuficha yana sehemu yao. Tangu 2006 Umoja wa Ulaya umekuwa ukiyaweka makampuni ya ndege yenye kibali cha Kongo katika orodha ya yale yasiyoruhusiwa kuruka kwake, na leo yanaingia yote, kwa kusema kwamba usimamizi wa usalama hautoshi. Mtu anaweza kuona orodha hiyo ni ngumu, kwa kuwa inaweka fundi mwaminifu na tapeli katika kapu moja. Lakini fundi mwaminifu anatofautishwa na nini, kama siku anaposema hapana tajiri wake anatafuta mwingine wa kusema ndiyo? Mamlaka ya usafiri wa anga ya taifa ina kazi ya kumlinda mtu huyo kazini mwake, na kazi hiyo haionekani sana huku kwenye viwanja vya udongo.

Wafadhili nao. Mashirika yanakodi ndege na kuhesabu kilo na saa za kuruka. Wanaofanya hesabu hiyo wanapaswa kuweka ndani yake siku za ndege kukaa chini, kwa sababu zitakuja, kama mvua inavyokuja. Chanjo inatunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na sanduku la barafu halingoji bila mwisho. Mama anayehitaji kupasuliwa angoji kabisa. Kwa hiyo anayesema kuchelewa kunaua anasema kweli. Jibu la ukweli huo ni ndege ya pili iliyopangwa mbele, vipuri vilivyonunuliwa kabla havijahitajika, na akiba ya dawa ya wiki kadhaa ndani ya Shabunda yenyewe. Hayo yote yanagharimu dola, na ni rahisi zaidi kumgharimu fundi maneno.

Kuna kitu kimoja kisichogharimu karibu chochote. Familia zinazongoja kando ya kiwanja si watoto. Nyingi zimetembea siku nyingi msituni na zinajua hatari kuliko wanaoziandikia ripoti. Pahali pa "tatizo la ufundi", msemaji wa kampuni ao wa shirika angeweza kuwaambia kwa Kiswahili wazi, na kwa Kirega pale inapofaa: fundi amekuta vipande vya chuma kwenye sumaku ya moteri, mafuta yamepelekwa kupimwa, jibu linangojewa Alhamisi, wagonjwa wawili wa haraka watachukuliwa na ndege nyingine, wengine warudi nyumbani. Redio za eneo zingelisoma asubuhi na jioni. Linachukua dakika moja hewani.