Viatu vya Kuingilia Majini

Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo, yaani viatu. Chama chetu cha mitumbwi kimetoa shauri kwamba tangu muhula ujao mtu asiye na viatu vya majini asipewe kasia. Shauri ni jema. Lakini viatu vinavyokusudiwa ni vile vitokavyo ng'ambo, nami nawajua wenzetu wasiopungua sita ambao hawataweza kuvinunua, nao ndio wapiga kasia wetu hodari. Je, wakae ufukoni watutazame?

Asili ya shauri hilo twaijua sote. Muhula uliopita mwenzetu aliruka kutoka mtumbwini miguu mitupu, akakanyaga jiwe kali lililofichwa na maji, akachechemea wiki tatu. Ufuko wa mjini Gisenyi una mchanga laini, nao hutudanganya. Ukipiga kasia kwenda kusini kuelekea Karongi, mahali pengi pa kushukia ni miamba yenye utelezi. Tena Mto Sebeya ulipofurika mwezi wa Mei 2023 ulibomoa nyumba nyingi. Mabati na misumari ichukuliwayo na maji ya namna hiyo huishia wapi, kama si ziwani?

Wako watakaosema, mbona wavuvi wa sambaza hawana viatu? Kweli, lakini nyayo zao zimekomaa tangu utotoni, na kila alfajiri hurudi kwenye ufuko wanaoujua. Sisi twashuka tusipopajua.

Basi tuvae nini? Kandambili hapana, mimi nimekwisha kupoteza pea mbili, zikaelea zikaenda zao. Buti za mpira ni hatari kabisa, maana hujaa maji na kumzuia mtu kuogelea vizuri, na Ziwa Kivu, lenye kina cha zaidi ya mita 450, mahali pengine huanza kuwa refu hatua chache tu kutoka ukingoni. (Jaketi la kuelea silitaji hapa, kwa kuwa hilo halina mjadala.) Raba za kitambaa hufaa kwa siku moja. Siku ya pili bado mbichi, na ukizianika juani gundi huachia. Zangu hazikumaliza muhula.

Mimi nasema tuvae rugabire, vile viatu vya tairi vya wazee wetu. Tairi halinywi maji, wala jiwe halilitoboi kwa urahisi. Vina kasoro, sikatai. Ni vizito, na misumari yake hukwaruza mtumbwi. Lakini fundi akiombwa atapunguza unene wa soli, atashona gidamu badala ya kuzipigilia, na ataongeza ukanda wa mpira wa ndani wa tairi nyuma ya kisigino, kiatu kisivuke. Achague tairi ambalo meno yake hayajalika, la sivyo utateleza. Vyangu vilitengenezwa hivyo, na likizo nzima nimevivaa mtoni na ziwani.

Najua kinachowazuia wengi si uzito. Ni haya. Siku ya kwanza nilichekwa, nami nikavificha chini ya benchi la mtumbwi mpaka tulipofika mbali. Lakini kampuni ya Uzuri K&Y, iliyoanzishwa Rwanda mwaka 2013, hutengeneza viatu vyenye soli za matairi makuukuu, na vijana wa mjini huvinunua bila kuona haya yoyote.

Kwenu kaka zetu mliokwisha maliza masomo, mlioahidi kukisaidia chama: twashukuru sana, lakini msituletee pea kumi kutoka ng'ambo. Fedha hizo mpeni fundi wa sokoni, na hapana mpiga kasia atakayebaki miguu mitupu. Nimekwisha zungumza naye. Yuko tayari kuja Jumamosi kutupima miguu, ila ameomba apatiwe matairi chakavu, na wenye magari mko miongoni mwenu.

Mwanafunzi, Gisenyi